Mume wa Mama Ana Miaka Minne

Mama yangu humwita mwanangu mume wake. Si mzaha wa siku moja. Tangu mtoto alipokuwa mchanga, tukifika tu langoni kwake Kibomet, huko Kitale, mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso, akamfungua kutoka mgongoni mwangu na kumwambia kwa Kikuyu, "Mume wangu, umechelewa. Ulishinda wapi?" Kisha alimketisha kwenye kiti cha mbao chenye mto wa kijani. Kiti hicho kilikuwa cha marehemu baba na hakuna mtu mwingine aliyekikalia, hata mchungaji. Kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa cha mtoto. Hakuwa amefikia umri wa kunywa chai, kwa hiyo ilipoa mbele yake na baadaye niliinywa mimi, lakini ilikuwa yake.

Kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Mtoto akipewa jina la babu yake, babu amerudi, na nyanya, shosho wake, humchezea hivyo mpaka mtoto awe mkubwa na aanze kuona haya. Mimi mwenyewe nilimwita "baba" tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikimbadilisha nepi huku nikimwambia, "Baba, tulia nikupanguse." Sikuwahi kujiuliza ninachosema. Na kazi yangu, jamani, ni kujiuliza.

Ninafundisha falsafa katika chuo kimoja Bungoma. Ni lile somo la utangulizi ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima alipite, na ambalo karibu wote hulichukia. Akili ni nini, kujua ni nini, kitu halisi ni kipi. Wengi wao wanataka kuwa walimu wa hesabu na hunitazama kana kwamba nimewauzia redio isiyo na betri. Mwaka ninaouzungumzia niliwauliza swali ninalolipenda: ukilala leo, kesho ukaamka umesahau kila kitu cha maisha yako, je, wewe bado ni wewe? Kijana mmoja wa nyuma alijibu bila kuinua kichwa, "Madam, si kitambulisho kitasema?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, nikaendelea na somo, nikijiona mwerevu kuliko wote mle ndani.

Shida ni kwamba mtoto huyu hakuwa baba yangu peke yake. Nimeolewa Bungoma, na kwa kina mume wangu majina hayaendi kwa zamu kama kwetu. Kwa hesabu ya kwetu, mvulana wa kwanza alipaswa kuitwa jina la baba mkwe. Tulipomwambia mzee, alituuliza, "Mnataka kunizika?" Kwao jina hutoka kwa waliokwisha kwenda. Basi zamu ikamwangukia baba yangu, nami nikashukuru kimyakimya.

Lakini kwao jina pia hujiombea lenyewe. Mtoto alipokuwa mchanga alianza kulia kila jioni, hata ziwa akalikataa. Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni na kikapu chake, akasema, "Huyu analilia jina." Alikuwa ameota kaka mkubwa wa mumewe, mzee aliyefariki zamani, amesimama kando ya kamba ya kuanikia nguo akiomba maji ya kunywa. Wakamtajia mtoto jina la mzee huyo. Akanyamaza. Mimi nilisema amenyamaza kwa sababu gesi imemtoka, na niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Mume wangu akasema, "Mama akiota, ameota. Achana na hiyo maneno, bana."

Tangu hapo mtoto akawa watu wawili. Bungoma alikuwa mzee wa boma, akitengewa firigisi kuku akichinjwa, na jirani mmoja mwenye mvi alikuwa akimwambia kila wakipatana njiani, "Wewe, ile baiskeli yangu ulipeleka wapi?" Mtoto alijibu kwamba imepata pancha. Kitale alikuwa mume wa mama yangu. Mpaka kati ya hao wawili ulikuwa soko la Ndalu, njiani. Tukiwa safarini kwenda kwa mama, mume wangu alisimamisha gari pale sokoni kununua maharagwe, nami niligeuka nyuma nikamwambia mtoto, "Kuanzia hapa wewe ni baba." Aliitikia kwa kichwa kama askari anayepokea zamu. Tukirudi, nilimgeuza tena papo hapo. Tulikuwa tukicheka sana.

Kisha mama akaugua. Alikuwa amenyamaza na maumivu yake kwa muda tusioujua, akijifunga leso kwa nguvu tumboni na kwenda shambani Endebess kuangalia mahindi kama kawaida. Nilipompeleka hospitali kwa lazima, daktari aliona uvimbe. Alisema utolewe haraka, kabla haujaenea, na kwamba kwa sasa bado kuna matumaini mazuri. Alisema hivyo mara mbili, akinitazama mimi. Mama alimshukuru, akauliza hali ya watoto wake, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

"Sitapasuliwa," aliniambia tulipofika kwenye gari. "Nilimwahidi mtu."

Mtu huyo alikuwa baba. Miaka sita nyuma, baba alipokuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupasuliwa, alimshika mama mkono kwenye baraza ya hospitali na kumwambia, "Wewe usikubali kamwe kuletwa humu." Mama akasema, "Sawa." Wakamwingiza. Moyo wake ulisimama akiwa mle ndani na hakutoka. Maneno hayo mama hakuwahi kumwambia mtu mpaka siku hiyo.

Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka, na nikiogopa hukasirika zaidi. Nilimwambia sawa si ahadi, sawa ni neno tu la kumtuliza mgonjwa. Nilimwambia labda hakusikia vizuri. Labda baba alisema jambo lingine, na huzuni ikaligeuza kadiri miaka ilivyokwenda.

"Ulikuwepo?" mama aliuliza.

Sikuwepo. Nilikuwa nimeshuka kantini kununua uji wa baba, uji ambao hata hakuruhusiwa kuunywa. Niliporudi na chupa ya uji, baraza ilikuwa tupu na mlango umefungwa. Huwa nawafundisha wanafunzi kwamba mengi tunayoyajua tumeyapokea tu kutoka kwa wengine, na ni lazima tuamue nani wa kusadikiwa. Sasa kulikuwa na shahidi mmoja tu duniani, naye ndiye ambaye maneno yale yalikuwa yakimuua.

Kila mtu alijaribu. Mchungaji wake alikuja akaomba, akamweleza kwamba ahadi kwa marehemu haimfungi aliye hai. Mama alimshukuru, akamwongezea chai, na hakubadilika. Mume wangu alimpigia simu akamwambia, "Mama, si ukubali tu?" Akamwambia atafikiria. Hatimaye, Jumamosi moja tukichambua mboga, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yuko mmoja tu anayeweza kumfungua.

"Nani?"

"Yule niliyemwahidi. Mlete Jumapili ijayo nimuulize."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka.

"Mama, unaamini kweli yule mtoto ni baba?"

"Mbona mnamwita jina lake?"

"Wiki iliyopita ulimchapa kwa kukojoa kwenye ndoo ya maziwa. Ungemchapa baba?"

"Baba yako hangekojoa kwenye ndoo," mama akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Nilirudi Bungoma kichwa kikiniuma. Nilitamani kujua jambo moja tu: mama anaamini, au anacheza, au anaogopa kisu na amepata mahali pa kujificha? Nilijaribu kuutazama uso wake akilini mwangu nikashindwa kuusoma. Nimelala chumba kimoja na mwanamke huyu utoto wangu wote, najua akikohoa ni vumbi au ni hasira, lakini kilichomo ndani ya kichwa chake sijawahi kukiona, wala yeye hajawahi kukiona cha kwangu. Darasani huwa nalisema jambo hilo kwa majivuno. Jikoni kwangu lilinitisha.

Na hata ningejua, ningefanya nini? Wazo la kwanza nililopata ni lile ambalo mtu yeyote angelipata: nimfundishe mtoto kusema ndiyo. Nikaanza kulichambua, na hapo ndipo nilipopotea. Kama mtoto si baba, basi ndiyo yake ni ya mtoto wa miaka minne anayetaka mandazi, na haimfungui mtu yeyote. Kama ni baba, basi mimi ni nani wa kumwekea baba yangu maneno mdomoni? Pande zote mbili nilikuwa mwongo. Lakini nikikaa kimya, mama anakufa.

Nilipeleka jambo hilo darasani, nikisema ni habari ya mtu fulani. Kwa mara ya kwanza muhula ule hakuna aliyetazama simu. Msichana mmoja wa mbele, mkimya siku zote, alisema kumfundisha mtoto ni kama kughushi sahihi ya mtu. Yule kijana wa kitambulisho akampinga. "Sasa ati shosho afe juu ya sahihi? Hiyo ni noma, madam. Mwambie huyo mtu afundishe mtoto, hiyo ingine ataomba msamaha baadaye." Mwingine akauliza kama mtoto mwenyewe ameulizwa anajiona nani. Walibishana mpaka saa ikaisha. Walipotoka nilibaki nimekaa, ubao umeandikwa maswali yangu mwenyewe.

Nikamfundisha mtoto. Siwezi kusema niliamua, nilijikuta nikifanya. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, nikamwambia, "Shosho akikuuliza, sema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo tu. Atakuuliza, niende? Wewe sema ndiyo, nenda."

"Anaenda wapi?"

"Hospitali. Apone."

"Watamdunga sindano?"

Nikamwambia sindano ndogo. Tulirudia mpaka akasema vizuri kabisa, kisha nikampa mandazi.

Jumapili hiyo tulichelewa kutoka, na kwa haraka hatukusimama Ndalu. Mume wangu alisema maharagwe yatanunuliwa wakati wa kurudi. Nilikumbuka tukiwa tumeshaingia Kitale kwamba sikumgeuza mtoto. Niligeuka nyuma nikamwambia, "Wewe sasa ni baba," lakini alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yakimtiririka kwenye kola ya shati. Utanicheka, na una haki. Mwalimu wa falsafa alikuwa akitokwa na jasho kwa sababu huenda amemfikisha mama yake mume asiye wake.

Mama alikuwa ametoka kanisani na hakuwa amevua kitambaa chake kizuri cha kichwani. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Hakumtania mtoto langoni. Alimshika mkono, akamketisha kwenye kile kiti chenye mto wa kijani, akampa mandazi, naye akavuta kigoda akaketi chini yake. Mume wangu alitaka kutoka, mama akamwambia abaki. Kisha akaongea kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikuyu cha mtoto ni cha salamu na chakula tu.

"Mume wangu. Daktari anataka kunipasua tumbo. Wewe uliniambia nisikubali. Mimi nikasema sawa. Sasa nakuuliza. Niende?"

Mtoto alinitazama. Nikamtolea macho. Akamtazama shosho wake, hasa lile tumbo lililofungwa leso.

"Hapana," akasema.

"Baba," nikasema, "si tuliongea?"

"Hapana! Asiende! Akae hapa!" Akauma mandazi kwa hasira.

 Nilifikiri, nimemuua mama. Ningeacha mambo yalivyokuwa, angalau angebaki na swali. Sasa nilikuwa nimemletea jibu. Nilitaka kumnyakua yule mtoto kitini na kumtikisa, na nilitaka pia kumkumbatia, maana alikuwa amesema kitu kilichokuwa moyoni mwake na hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha.

 Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti kando yake. Alikuwa akicheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili kwa sababu kicheko kilimuuma.

"Huyo," akasema kwa Kikuyu. "Huyo ndiye. Hajawahi kukubali kitu hata kimoja!"

Akaanza kusimulia, nami nikabaki pale pale chini nikisikiliza habari za mtu nisiyemjua. Baba alikataa tangi la maji. Alikataa ng'ombe wa gredi, ati atakula kuliko atakavyokamuliwa. Alikataa wahamie Kibomet. Kila mara alikataa asubuhi, wakabishana mpaka jioni, na kesho yake mama akafanya alivyotaka, na mwezi mmoja baadaye baba aliwaonyesha wageni lile tangi kana kwamba alilijenga yeye.

"Na wewe kwenda kusomea hayo mambo yako ya kufikiri," mama akasema. "Alikataa kabisa."

"Baba? Baba alisema anajivunia mimi. Aliniambia mwenyewe."

"Hiyo ilikuwa baadaye."

 Miaka yote hiyo nilikuwa nimejenga maisha yangu juu ya baba aliyenibariki tangu mwanzo, na nilimkumbuka waziwazi, na kumbe hakuwahi kuwepo. Mtu aliyekuwepo alikataa, akashindwa, kisha akajivuna. Sijui hata leo kama nilimpoteza mmoja siku ile au nilimpata mwingine.

Mama alikuwa ameacha kucheka. "Lile la mwisho hatukubishana," alisema. "Alisema, nikasema sawa, wakampeleka. Sijawahi kumwambia huyo mtu sawa mara moja namna hiyo maisha yangu yote. Ningebishana na nani? Na kaburi?" Akamgeukia mtoto, akampangusa pua kwa ncha ya leso. "Nimekusikia. Umekataa. Mimi naenda."

Mtoto alilia kidogo, kisha akamaliza mandazi yake.

Jioni hiyo nikimsaidia kupanga nguo za hospitali sikuweza kujizuia. Nilimuuliza, kwa hiyo unaamini ni yeye? Mama alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sijui," alisema. "Saa zingine naona ni yeye, saa zingine naona ni mtoto ana kamasi. Usiniulize kama wanafunzi wako, nimechoka."

Alipasuliwa katikati ya juma. Safari hii sikwenda kantini. Nilitembea kando ya kitanda chenye magurudumu mpaka mlangoni, nimeshika kidole chake kimoja kwa sababu mkono huo ulikuwa na dripu, na hatukuambiana neno lolote la kuahidiana. Mlango ulipofungwa nilisimama nikiutazama ulivyopakwa rangi. Sikufikiria jambo lolote la maana. Nilikuwa na hofu tupu.

Mchana daktari alitoka, amevuta barakoa kidevuni, akasema uvimbe umetoka wote na mgonjwa anapumua vizuri. Nilimsikia, lakini nilimwomba aseme tena. Waliponiruhusu kuingia, mama alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, mdogo kitandani kuliko nilivyowahi kumwona. Niliinama. Alifungua jicho moja.

"Mwambie nimemkaidi," alisema. "Mwambie nimetoka."

Nilikwenda mwisho wa baraza, kwenye dirisha, nikapiga simu Bungoma. Mume wangu alipokea, nikamwambia, akashukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka nikasikia mama mkwe naye akipiga vigelegele. Kisha nikamwomba ampe mtoto simu. Nilisikia simu ikikwaruza sikio lake na pumzi yake nzito.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba shosho amepona na anamsalimu. Badala yake nilisema "Baba," na baada ya hapo maneno yakaja kwa Kikuyu, Kikuyu ambacho mtoto hakielewi. Nilimwambia ametoka. Nilimwambia amekukaidi, baba, na ametoka mzima. Nilimwambia nilikwenda kununua uji, nilikimbia kurudi, nilikuta wameshafunga mlango. Nilimwambia najua sasa kwamba hukutaka nisome, na si neno. Nililia pale dirishani, wauguzi wakipita nyuma yangu, nikaongea mpaka nikaishiwa.

 Kisha mtoto akauliza, polepole, kwa Kiswahili:

"Mama, unaongea na nani?"